Windows 10 au Windows 11? Tazama Kwanza Kompyuta Yako Imebeba Nini



Juzi baada ya sala ya Alasiri alinijia binamu yangu mwenye saiba kule Majengo, uso umemsawijika kama mtu aliyefiwa. "Kaka, naambiwa kompyuta zangu zote nne nizitupe," akaniambia. "Ati Windows 10 imekufa. Mimi nitatoa wapi pesa za kununua nne nyingine?"

Sikumshangaa, kwa sababu maneno haya yamezagaa mjini. Wako wanaosema Windows 10 imekwisha na ukichelewa kununua kompyuta mpya umeangamia. Wako wanaosema hizo ni hila za Microsoft za kutafuta pesa, wewe endelea na yako mpaka izime yenyewe. Kila upande umeshika nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayowagharimu watu. Kwa hivyo leo nimeonelea tulieleze jambo hili polepole.

Kufa kwa Windows ni nini?

Windows ni mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu mama ambayo programu nyingine zote husimama juu yake. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo halina maana kwamba kompyuta itazima. Itawaka, itachapisha, na picha zako za harusi zitakuwa palepale ulipoziweka. Kilichokatika ni viraka.

Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa viraka vya kuziba nyufa zilizogunduliwa ndani ya Windows, nyufa ambazo mwizi anaweza kupenyeza mkono. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba ya Windows 10 sasa haina fundi wa kuziba. Na kuna baya zaidi. Kirakapo kinapotolewa kwa ajili ya Windows 11, wezi hukichunguza ili wajue kinaziba ufa gani. Kwa kuwa mifumo hii miwili ni ndugu, mara nyingi ufa uleule umo ndani ya Windows 10, na huko hauzibwi.

Mtu akikuambia haya ni maneno ya kutisha watoto, mkumbushe Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kule Uingereza hospitali za serikali ziliahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Hawakukosa kiraka, walikosa kukitia. Kwa hivyo na wewe unayezima masasisho ili yasikule bando, maneno haya yanakuhusu hata kama una Windows 11.

Mimi diploma yangu niliisoma zama za Windows XP. Iliachwa Aprili 2014, na Windows 7 ikafuata Januari 2020. Kila mara vilio vilikuwa hivihivi.

Mbona basi tusihamie sote Windows 11?

Kuhama kutoka Windows 10 halali ni bure. Tatizo ni masharti. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64 kwenye diski, na mambo mawili yanayowakwamisha wengi: prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho huhifadhi funguo za siri za kompyuta mahali ambapo programu ya kawaida haifiki.

Kwa prosesa za Intel Core, kwa jumla orodha huanzia kizazi cha 8. Usidanganyike na jina i5 au i7 peke yake, tazama tarakimu zinazofuata. i5-7200U ni kizazi cha 7, imebaki nje. i5-8250U ni cha 8, imeingia. Hii ndiyo sababu kompyuta mbili zinazofanana kwa nje, zilizotoka kwenye meli moja ya mitumba, moja inakubali na nyingine inakataa.

TPM nayo ina hadithi yake. Laptopu yangu ina hiyo i5-8250U. Nilipoipima kwa programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, nikaambiwa haifai. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, akaitazama dakika mbili, akaniambia ninunue nyingine, na yeye anazo. Niliondoka nikiwa nimeshaanza kuhesabu pesa za karo nione nitazimega wapi. Usiku nikaketi nikasoma. Kumbe TPM ilikuwamo siku zote, ila imezimwa ndani ya BIOS, ile sehemu unayoingia kabla Windows haijaamka. Kwenye Intel mara nyingi huandikwa PTT, kwenye AMD huandikwa fTPM. Niliiwasha, nikapima tena, ikakubali. Karo ya watoto ikasalimika.

Kwa hivyo usikubali neno "haifai" kabla hujauliza: haifai kwa sababu ya prosesa, au kwa sababu kuna kitu kimezimwa? Ya kwanza haina dawa. Ya pili ni kazi ya dakika tano.

Pia wako mafundi watakaokuambia wanaweza kuitia Windows 11 kwa nguvu kwenye kompyuta isiyokubalika. Wanaweza kweli. Lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba kompyuta hiyo itapata masasisho, na viraka ndivyo vilivyokutoa nyumbani. Na Windows ya kuibia, ile ya kufunguliwa kwa kraki, usiiguse. Mara nyingi kraki yenyewe ndiyo inayomwingiza mwizi.

Nilichokiona saibani

Nilikwenda Majengo kuzitazama zile kompyuta nne. Moja ilikuwa ya kizazi cha 8. Tatu zilikuwa za cha 6 na cha 7. Nilipokuwa natafuta faili fulani, nikafungua folda ya Downloads ya mojawapo, na hapo nikasahau habari za Windows.

Mlikuwa na vitambulisho vya watu, mbele na nyuma. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya vifo, ritani za KRA, barua za kuomba kazi zenye nambari za simu. Nilimwona mzee wa mtaani kwetu ninayeswali naye safu moja, kitambulisho chake kikinitazama. Nikafungua kivinjari, nikakuta nywila za eCitizen za wateja zimehifadhiwa, kwa sababu kila kilipouliza kama kihifadhi, mtu alibonyeza ndiyo. Nilimwita binamu yangu nikamwonyesha. Alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, wallahi sikujua vyote hivi vimekaa."

Nami namwamini. Lakini hiyo ni amana. Watu wale walimpa kitambulisho ili kichapishwe, hawakumpa akiweke. Na mbali na dini, tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde na asikae nazo kupita haja yake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la "10 au 11" tunaliuliza kinyumenyume. Tunaanza kwa kutazama umri wa mashine, na ilifaa tuanze kwa kutazama imebeba nini na cha nani. Kompyuta ya kutazamia filamu, ikidukuliwa, hasara ni yako. Ya saiba ikidukuliwa, hasara ni ya mtaa mzima.

Tuliamuaje?

Kwanza tulifuta. Folda zote, nywila zote, kisha tukapanga kila kivinjari kijisafishe kinapofungwa. Hilo halikugharimu hata shilingi.

Pili, ile ya kizazi cha 8 tuliihamishia Windows 11. Ritani za KRA za fomu ya Excel zitafanyiwa hapo tu.

Tatu, kwa zile nyingine tulipiga hesabu. Microsoft inauza viraka vya nyongeza vya Windows 10, mpango uitwao ESU. Kwa biashara na taasisi bei yake ni dola 61 kwa kompyuta moja kwa mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka. Kwa kompyuta tatu ni karibu shilingi 24,000, na mwakani uanze tena kwa bei mbili. Hatukuona maana. Tulizitia Linux Mint, mfumo wa bure unaopata viraka na unaokwenda vizuri kwenye mashine za zamani. Kazi nyingi za saiba ni za kivinjari, na kivinjari ni kilekile. Kabla ya kufuta Windows tuliijaribu Linux kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, tukaona printa na skana zinaitika. Zisingeitika, tungefikiria jingine.

Kwa nyumbani hesabu ni tofauti. Laptopu ya binti yangu ni ya kizazi cha 7, ya masomo tu. ESU ya watu binafsi inafika mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, na unaweza kuipata bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Asiyetaka hivyo hulipa dola 30 mara moja, kama shilingi 4,000, na akaunti moja hutosha hadi kompyuta 10. Kiungo chake kimo ndani ya Settings, sehemu ya Windows Update. Binti yangu tumemwandikisha huko. Tumepata muda wa kujipanga, lakini ni muda wa kuazima.

Mawili kabla hujaondoka. Uamue lolote utakaloamua, nakili kwanza picha na mafaili yako kwenye diski ya nje, kwa maana kuhama kwaweza kukwama njiani. Na ukienda kununua laptopu ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe, usome nambari ya prosesa kwa macho yako. Kizazi cha 7 kinachouzwa rahisi leo, unanunua swali hilihili aliloniletea binamu yangu.

Yule mzee wa safu yetu sijamwambia kitu. Nilimwambia binamu yangu amweleze mwenyewe, yeye na wengine anaowakumbuka, wabadilishe nywila zao. Ameshaanza, Alhamdulillah. Tukutane tena juma lijalo, In shaa Allah.