Pole ya kuuguza haitoshi, mpokee zamu!

Haya msomaji wangu, wiki hii tuweke mapenzi pembeni, tuongee ya nyumbani. Hivi ukienda kumwona mgonjwa aliyelala ndani miezi, huwa unamwangalia na yule anayemuuguza? Wengi wetu wala. Tunaingia na machungwa yetu, tunakaa dakika kumi, tunasema "pole kwa kuuguza", tunaaga. Yeye anabaki na beseni lake.

Chukua mgonjwa wa kiharusi aliyepooza, hawezi kujigeuza. Inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo anatoka vidonda mgongoni na kwenye nyonga. Piga hesabu mwenyewe, usiku mmoja ni kuamka mara nne au tano. Bado kumwogesha, kumbadilisha nepi, kumlisha uji kidogo kidogo asipaliwe, dawa za presha kwa saa zake, na mashuka ya kufua. Mtu wa kilo 70 kumnyanyua peke yako si mchezo, mgongo unalia. Na hospitali wakishampa ruhusa, nesi haji naye nyumbani. Nesi ni wewe.

Na huyo "wewe" mara nyingi ni binti. Kikao cha familia kinakaa, kaka mkubwa ana kazi, dada ana mume na watoto, basi macho yote kwa yule ambaye hajaolewa: "Si wewe upo tu nyumbani?" Upo tu, jamani! Mtaani kwetu yupo dada mmoja, mwaka wa tatu huu anamuuguza mama yake. Genge lake la nyanya lilikufa mapema. Mchumba alingoja, akachoka. Nilipomuuliza anatamani nini nilidhani atasema hela. Akanijibu, "Kulala usiku mmoja mpaka asubuhi bila kuitwa." Kuna siku alimfokea mama kwa kumwaga uji, halafu akaenda kulia chooni. Majirani wakasema ana roho mbaya. Mie nasema alikuwa amechoka, basi.

Uchovu huu si kudeka. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Schulz na Beach, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee kwa miaka minne. Wale waliokuwa wakiuguza wake au waume zao na kuelemewa, hatari yao ya kufa ilizidi ya wenzao wasiouguza kwa asilimia 63. Yaani unaweza kumzika anayeuguza ukamwacha mgonjwa kitandani.

Uingereza wana sheria. Tangu Aprili 2024 mwajiriwa anayeuguza mtu wake ana haki ya likizo ya wiki moja kwa mwaka, ingawa bila mshahara. Zipo pia nyumba za kumpokea mgonjwa siku chache ili wa nyumbani apumue. Kwetu tegemeo la wengi ni ndugu, na ndugu tunao tele, siku ya msiba utawaona na turubai na sufuria!

Basi waje mapema. Ile "ukihitaji chochote niambie" haisaidii, kwa sababu hatasema. Taja siku: "Jumamosi saa nne nipo hapa, nitakaa mpaka jioni." Nenda siku moja kabla ufundishwe kumgeuza, kumkalisha wima wakati wa kula, na dawa zipi saa ngapi. Uliye mbali, tuma hela ya kumlipa mtu wa kushika zamu angalau siku moja kwa wiki. Naye anayeuguza anaweza kugoma, eti mgonjwa hatamzoea mwingine. Anzeni na saa moja, wiki ijayo mbili.

Na akishatoka, tafadhali usimtume mkaa.