Kuzungumza na Mgonjwa wa Saratani ni Ujuzi Unaofundishika

Limfoma ya Burkitt, saratani iliyopewa jina la Denis Burkitt, daktari aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, likiwemo eneo la Ziwa Victoria. Huvimbisha taya au tumbo kwa kasi ya kutisha, na mara nyingi uvimbe hunywea kwa kasi ileile dawa inapoanza. Ndani ya siku chache mtoto hula na kucheza. Hapo ndipo hatari ilipo. Mzazi aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe, ambaye fedha zimemwishia na shamba linamsubiri, huona mwanawe amepona na kuondoka. Chembe zilizosalia hukua upya, na safari hii kuzitibu huwa vigumu zaidi. Dawa ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maelezo kwamba kunywea kwa uvimbe si kupona.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyoko kilimani jijini Mwanza, hupokea wagonjwa wa saratani kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Wengi hufika ugonjwa ukiwa umeenea, na kwa wengi wao neno kansa lina maana moja tu: kifo. Daktari anayelijua hilo hushawishika kujificha nyuma ya vifupisho vya Kiingereza, au kusema "uvimbe" na kunyamaza. Hudhani ukimya ni huruma, ilhali mgonjwa hubaki na hofu bila mtu wa kumwongoza.

Wapo waaminio kwamba uzoefu utamfundisha daktari kusema. Mwaka 2002, Lesley Fallowfield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliohusisha madaktari 160 wa saratani kutoka vituo 34 vya Uingereza. Ulionyesha kwamba miaka ya kazi pekee haiondoi udhaifu wa mawasiliano. Kozi ya siku tatu, kinyume chake, iliwafanya madaktari waulize zaidi maswali yanayompa mgonjwa nafasi ya kujieleza, na waonyeshe huruma zaidi.

Mafunzo ya aina hiyo mara nyingi hufuata hatua sita zilizochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao: kuandaa mahali pa faragha, kuuliza mgonjwa anaelewa nini, kuuliza angependa kujua kiasi gani, kueleza kidogo kidogo kwa maneno mepesi, kupokea hisia zake, na kupanga naye hatua inayofuata. Washiriki hujizoeza kwa igizo dhima: mmoja huwa daktari, mwingine mgonjwa, wengine hutazama na kusahihisha.

Kando ya ziwa, hatua hizo hukutana na mambo mawili makubwa. La kwanza ni lugha. Bibi anayezungumza Kisukuma pekee huja na mjukuu wa kumtafsiria. Mjukuu, kwa kumpenda, huweza kuigeuza saratani kuwa "kidonda", na maswali ya bibi yakaishia njiani. Muuguzi anayeijua lugha hiyo ni mkalimani bora.

La pili ni ukoo. Ndugu humvuta daktari kando na kumwambia, "Daktari, tafadhali usimwambie." Daktari aliyefunzwa hawakemei, wala hakubali papo hapo. Huwauliza wanachokihofia, kisha humrudia mwenye ugonjwa: "Shikamoo bibi. Majibu yako yametoka. Nikueleze wewe peke yako, au tumwite mtu wa nyumbani asikilize pamoja nawe?" Kwa njia hiyo ukoo haudharauliwi, na haki ya mgonjwa hailiwi.

Hata pale saratani isipoweza kuponywa, kauli ya "hatuna la kufanya" si kweli. Tiba shufaa hutuliza maumivu, ikiwemo kwa mofini ya kunywa, na mgonjwa anastahili kuijua mapema.

Kabla ya kuagana, daktari amwombe mgonjwa au mzazi aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Mgonjwa naye asitoke chumbani bila kuuliza: Ugonjwa wangu unaitwaje, na umefika wapi? Matibabu haya yanalenga kuuponya au kuupunguza? Nitayapata mara ngapi? Nirudi lini? Na ni dalili zipi zinitoe nyumbani haraka, hata kabla ya tarehe hiyo?