Straika wa kulipwa anapikwaje, na kwa nini mkwanja wake haufiki Ujiji

Swali ambalo vijana wananiuliza kuliko mengine yote ni hili: "Kaka, Samatta alipitia wapi mpaka akafika kule?" Wanaouliza karibu wote ni mastraika. Mabeki huwa hawaulizi, sijui wao wamekata tamaa au wana akili zaidi. Leo nimeamua nilijibu mara moja, kwa kirefu, maana nyuma ya swali hilo kuna jambo linalotuhusu sisi wa huku kuliko tunavyodhani.

Tuanze na njia yenyewe. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam Desemba 1992, akakulia Mbagala. Alianzia kwenye timu ya mtaani kwao, Mbagala Market, ambayo baadaye ikaja kuwa African Lyon. Mwaka 2010 akaenda Simba. Hakukaa hata mwaka mzima wa maana. Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe wakati huo hawakuwa timu ya mchezo: walikuwa wamechukua ubingwa wa Afrika 2009 na 2010, na Desemba 2010 walicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter Milan. Simba wakatolewa, lakini dogo aliwafunga. Mazembe hawakurudi kwao mikono mitupu, walimtaka. Akasaini mwaka huohuo.

Hapa ndipo nawaomba msome taratibu. Vijana wengi wanadhani kutoka Bongo kwenda Ulaya ni hatua moja, unapanda ndege unashuka London. Samatta alikaa Kongo zaidi ya miaka minne. Lubumbashi, sio Paris. Akacheza na waungwana waliokuwa wakubwa kwake, akapigwa benchi, akajifunza, na mwaka 2015 akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mabao 7. Kwenye fainali dhidi ya USM Alger alifunga mechi zote mbili, kule Algiers na nyumbani Lubumbashi. Januari 2016 kule Abuja akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, aliyemfuata kwa kura akiwa kipa wa timu yake mwenyewe, Kidiaba. Mwezi huohuo ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji.

Genk napo akajenga jina pole pole. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa. Novemba 2019 akawafunga Liverpool pale Anfield. Januari 2020 Aston Villa wakamchukua.

Sasa Villa ndipo utaielewa kazi ya straika ilivyo. Kwa nini walimtaka? Kwa sababu straika wao Wesley aliumia goti vibaya siku ya mwaka mpya 2020. Yaani nafasi ya mmoja ilitokana na msiba wa mwenzake, na ndivyo ilivyo siku zote katika namba tisa. Samatta akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya England. Machi 1 akafunga kwa kichwa Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Villa walilala 2-1. Bongo nzima tulikuwa juu ya meza. Halafu corona ikaja, ligi ikasimama, iliporudi mabao hayakuja. Septemba 2020 Villa wakamnunua Ollie Watkins kwa pesa nyingi kuliko walizowahi kutoa kwa mchezaji yeyote, na mwezi huohuo Samatta akaenda Fenerbahce ya Uturuki. Miezi minane tu! Kiungo akicheza mechi kumi bila kufunga hakuna anayehesabu. Straika akicheza mechi kumi bila kufunga, mwenzake ameshapanda ndege anakuja.

Baada ya hapo alikopeshwa Antwerp, akarudi Genk kwa mkopo, mwaka 2023 akaenda PAOK ya Ugiriki na kuchukua nao ubingwa wa 2024, Agosti 2025 akasaini Le Havre ya Ufaransa. Wapo wanaosema "Samatta alifeli." Mimi nawaambia hesabu upya. Mtu amelipwa mshahara wa soka kuanzia 2010 mpaka 2025 katika nchi saba. Hiyo ndiyo maana ya kulipwa. Kuna wengi waliokuwa na kipaji kumshinda na waliishia na pesa ya kusaini ya msimu mmoja.

Na hiyo pesa ya kusaini nayo tuiseme kidogo. Hapa kwetu mchezaji akisajiliwa anapewa dau, halafu mshahara wa mwezi, halafu posho na bonasi za mechi. Vijana wanaangalia dau tu kwa sababu linakuja kwa mkupuo, na mkataba wenyewe mara nyingi ni wa mwaka mmoja au miwili. Dau linajenga banda, linanunua pikipiki, linaisha. Kitu cha kusoma ni mshahara, muda, na kipengele kinachoeleza nini kitatokea ukiumia. Ukiumia goti mwezi wa tatu wa mkataba, nani anatibu? Uliza kabla ya kusaini, usiogope kuonekana mjuaji.

Turudi ziwani. Wengine watasema mambo ya Samatta ni ya watu wa Dar. Hebu tazama upande wa pili wa maji. Amissi Tambwe alitoka Vital'O ya Bujumbura mwaka 2013 akaja Simba, msimu wa kwanza tu akawa mfungaji bora wa ligi yetu kwa mabao 19. Akahamia Yanga, msimu wa 2015/16 akarudia kwa mabao 21. Saido Ntibazonkiza naye ni wa Bujumbura, naye alipitia Vital'O, akaenda Uholanzi na NEC, Poland, Uturuki, Ufaransa, na uzeeni akaja Bongo: Yanga, Geita Gold, Simba. Msimu wa 2022/23 akiwa na miaka 36 alimaliza na mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele wa Yanga, Mkongomani. Bujumbura ni watu wa ziwa hili hili. Wanakula dagaa hawa hawa na migebuka hii hii. Wao wanapita hapa Kigoma kwenda kuchukua viatu vya dhahabu Dar, sisi tunakaa Kibirizi tunahesabu maboti.

Sio kwamba Kigoma haina soka. Juma Kaseja ni wa hapa hapa, basi tu alikuwa kipa. Mashujaa FC waliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho Desemba 2018 wakiwa bado timu ya madaraja ya chini, wakapanda Ligi Kuu 2023, na Aprili 2024 wakaitoa tena Simba kwa matuta pale Lake Tanganyika. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya Julai 2021 kati ya Simba na Yanga ilichezwa uwanja huohuo, mji ukajaa mpaka watu wakakosa pa kulala. (Bao lenyewe lilifungwa na kiungo, Taddeo Lwanga. Mastraika wa pande zote mbili waliangalia tu.)

Sasa naingia kwenye mkwanja, na hapa ndipo linapouma.

FIFA wana utaratibu unaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine wakati mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya pesa ya uhamisho inakatwa na kugawiwa timu zote zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka kati ya umri wa 12 na 15 una robo asilimia ya pesa yote. Kila mwaka kuanzia 16 mpaka 23 una nusu asilimia. Ukijumlisha unapata ile 5.

Tuchukue mfano. Pesa ya Villa kwa Genk iliripotiwa kuwa pauni milioni 8.5. Asilimia 5 yake ni pauni 425,000. Timu iliyokaa na mchezaji wa bei hiyo mwaka mmoja tu akiwa na miaka 14, inastahili pauni 21,250. Kwa pauni ya Januari 2020, iliyokuwa karibu shilingi 3,000, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 60. Kwa mwaka mmoja! Mwaka wa umri wa 17 ni mara mbili yake. Na akiuzwa tena kabla mkataba haujaisha, zinakatwa tena. Niambie timu gani ya Ujiji au Gungu imewahi kuona milioni 60 mezani. Zinatosha jezi, mipira, nauli za mashindano ya mkoa, na kocha akalipwa badala ya kuombwa aje kwa mapenzi yake.

Mbali na huo mchango kuna fidia ya mafunzo, ambayo inadaiwa pale kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na pale anapohama nchi akiwa bado hajavuka mwaka wa kutimiza miaka 23. Hiyo ina mahesabu yake, nisiwachoshe.

Tatizo liko wapi? Karatasi. Pesa hiyo inafuata usajili. Haifuati kumbukumbu za wazee wa kijiweni. Mchezaji ana kitu kinaitwa paspoti ya mchezaji, sio ile ya kusafiria, ni orodha ya kila timu aliyosajiliwa na tarehe zake. Tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo chao cha malipo ambacho kinaikusanya hiyo orodha kwenye mtandao na kugawa pesa kufuatana nayo. Kama jina la timu yako halimo, wewe hukumlea. Hata kama ulimnunulia viatu, hata kama alilala kwako miaka mitatu, hata kama mtaa mzima unajua.

Na huku kwetu mchezo uko hivi: kijana wa miaka 13 anachezea timu ya mtaa, ndondo Jumamosi, ndondo Jumapili, leo jezi ya Mwanga kesho ya Katonga, hakuna fomu hata moja. Akifika miaka 18 anaenda Dar, timu ya kule inamsajili kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kwenye mfumo anaonekana kama amedondoka kutoka mbinguni akiwa na miaka 18. Miaka yote ya nyuma ni tupu, na pesa ya miaka tupu timu ya Ujiji haiioni.

Usidhani karatasi ni mambo ya timu ndogo tu. Mazembe hao hao, mabingwa watetezi, mwaka 2011 waliondolewa kwenye Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya usajili wa beki mmoja, Bokungu. Na vijana wetu wa Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za 2005 kule Gambia wakaenguliwa kwa kosa la umri. Ndiyo maana nawaambia walezi: kupunguza umri ni kumuua mtoto huku unamchekea. Cheti cha kuzaliwa kiendane na cha shule, na jina liwe moja. Sio shuleni Juma, uwanjani Drogba.

Jambo lingine ni mawakala. Miaka michache nyuma kijana mmoja wa Ujiji, straika mzuri wa mguu wa kushoto, alichangiwa na ndugu zake wakauza mashine ya mawese, wakampa jamaa laki nane "za majaribio" nje ya nchi. Jamaa akazima simu. Kijana sasa anabeba mizigo gatini. Jueni hivi: FIFA walirudisha mtihani na leseni za mawakala mwaka 2023, kwa hiyo mtu akijiita wakala muulize leseni yake. Wakala anapata asilimia yake baada ya mkataba kusainiwa. Anayetaka pesa kabla ni msanii, hata kama ana picha na Mayele kwenye simu. Na kijana chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kuhamishwa nchi kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache kama vile wazazi kuhama kwa shughuli zao nyingine. Kwa hiyo anayekuja kumchukua mtoto wa miaka 15 avuke naye ziwa kwenda "akademi", mama mzazi shika mkono wa mwanao.

Kwa viongozi wa timu za mitaani: nendeni chama cha soka cha wilaya au mkoa, ulizeni timu inasajiliwaje na vijana wanaingizwaje kwenye mfumo wa FIFA Connect. Mwenye kompyuta kwenye timu ni mmoja? Mpeni kazi hiyo. Wekeni nakala ya kila fomu, na picha zake pia, maana karatasi za Kigoma zinapenda kulowa. Kwa kijana: andika kwenye daftari umechezea timu gani kuanzia mwezi gani mpaka mwezi gani, na uhakikishe timu hiyo imekuandikisha kweli.

Mwenye swali kuhusu vipengele vya mkataba aulize hapo chini, nitajibu ninavyoweza. Na nyie makipa mnaonung'unika kwamba nawasahau, zamu yenu inakuja.