Dumuzi: Mgeni Asiyeondoka Ghalani

Chukua hindi lililokaa miezi michache kwenye kihenge chenye dumuzi, uligonge kiganjani. Unga laini unamwagika, na punje zilizobaki kwenye gunzi ni maganda matupu. Mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita 3 hadi 4 tu, rangi ya kahawia iliyokolea, na kichwa chake kimejikunja chini ya kifua kiasi kwamba ukimtazama kutoka juu hukioni. Wakulima wa Tanzania walimbandika jina la Scania, lile lori kubwa la mizigo.

Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Huku kwetu alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baada ya muda mfupi akaonekana Taveta, Kenya, na hata Togo. Biashara ya mahindi ilimsafirisha. Katika baadhi ya maghala ya Tabora, karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi ilipotea ndani ya miezi michache. Kwa familia inayosubiri mavuno mengine, hiyo ni njaa. Makopa ya muhogo nayo hayakusalimika.

Nguvu yake iko katika kupata mahali pa kujikaza. Punje zikiwa zimeshikana kwenye gunzi, hutoboa bila shida; zikipukuchuliwa, humteleza. Ndiyo maana wakulima waliozoea kuhifadhi mahindi na magunzi yake walihimizwa kupukuchua kwanza, kisha kuchanganya na dawa ya unga yenye viambato viwili: pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi, na permethrini kwa ajili ya dumuzi. Kwa maoni yangu, kupukuchua ndiko kulikookoa chakula kingi zaidi, ingawa ni kazi inayochosha mikono.

Dume akipata chakula hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Huko kwao, harufu hiyohiyo humleta adui yake, mdudu mdogo mweusi aitwaye Teretrius nigrescens, anayekula mayai na viluwiluwi vya dumuzi. Watafiti walimleta Afrika, wakamwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia mahali fulani, lakini hajatosha, kwa sababu dumuzi huishi porini pia, ndani ya miti mikavu, na kutoka huko hurukia maghalani.

Siku hizi mifuko isiyopitisha hewa inasaidia sana: wadudu humaliza oksijeni iliyomo, wakafa. Mahindi yawe makavu kabisa, na mfuko ufungwe barabara siku hiyohiyo. Nguzo za ghala nazo zikaguliwe, maana dumuzi hutoboa hata mbao.