Gamba la Kobe Mchanga Linahitaji Nyasi na Jua

Mvua zinapoanza, watoto wa Kitengela huokota kobe wachanga kwenye ploti na kuwalisha ugali au mkate. Chakula hicho hakijengi gamba. Kobe wa Kajiado hula nyasi na magugu, hata hutafuna mifupa mikavu apate kalsiamu. Akiikosa, au akifungiwa katoni asipate jua linalouwezesha mwili kuitumia, gamba hulainika na kupinda, na kasoro hiyo ni vigumu kuondoka.

Mkazi, kumbuka pia kwamba kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2013. Ukimkuta, mwache. Aliye kwako tayari, usimtupe porini, wajulishe KWS.