Kikombe Kidogo, Hesabu Kubwa: Kunywa Mezani Mashariki ya Asia

Kikombe cha kahawa chungu kinachouzwa barazani Lamu au Mji Mkongwe ni kidogo, lakini kingemeza vikombe vitatu vya baijiu, pombe kali ya Kichina, na bado kikabaki na nafasi. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Eastleigh hukutana na kikombe cha baijiu Guangzhou au Yiwu, jioni ambayo mzigo umeshakaguliwa na bei bado inavutwa. Mwenye kiwanda anasimama, anasema “ganbei”, na meza nzima inameza kwa mkupuo. Mgeni anautazama udogo wa kikombe na kujiambia kwamba hapa hakuna kitu. Saa moja baadaye anatafuta ukuta wa kuegemea.

Kosa lake ni la hesabu. Bia ya nusu lita yenye alkoholi asilimia 5 ina gramu 20 hivi za alkoholi halisi. Kikombe cha mililita 15 cha baijiu ya asilimia 53 kina gramu 6 na ushei. Kwa hiyo vikombe vitatu ni kama bia moja, na kwenye karamu ya Kichina vikombe vitatu ni salamu tu. Mara nyingi meza nzima hunywa pamoja mara chache mwanzoni, halafu watu huanza kuzungukiana, kila mmoja akimfuata mwenzake na kikombe chake. Mgeni ndiye anayefuatwa na wengi. Chupa moja ya nusu lita ya kinywaji hicho ina zaidi ya gramu 200 za alkoholi, yaani bia kumi, na chupa haikai sana mezani.

Kazi yangu ni kemia ya vinywaji, na swali ninaloulizwa mara kwa mara na watu wanaosafiri kwenda huko ni kama pombe za Asia “zina dawa”. Hazina. Zina ukungu, na ukungu huo unastahili maelezo.

Nafaka haina sukari ya kutosha kuchachuka. Ina wanga, na hamira haili wanga. Lazima kwanza kitu kiuvunje wanga uwe sukari. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kimea. Busaa ya magharibi mwa Kenya husimama juu ya kimea cha wimbi, na hata mbege ya Uchagani, ambayo sukari yake nyingi hutoka kwenye ndizi, haikamiliki bila kimea cha ulezi. Punje ikilowekwa ikaota, hutoa vimeng’enya vyake yenyewe na kuanza kuivunja akiba yake ya wanga. Wazungu nao walifuata njia hiyo kwa shayiri yao.

Watu wa Mashariki ya Asia walipita pengine. Walifuga kuvu. Wajapani huumwagia mchele uliopikwa kwa mvuke mbegu za kuvu aitwaye Aspergillus oryzae, nao mchele huvaa joho jeupe linalonukia kama njugu. Hiyo ndiyo koji. Wachina hutengeneza matofali ya ngano au shayiri, wakayaacha yaote kuvu, hamira na bakteria wa kila namna kutoka hewani na kwenye kuta za chumba. Matofali hayo huitwa qu. Wakorea wana yao, nuruk. Kuvu hutoa vimeng’enya vingi kuliko punje iliyoota, na, jambo ambalo mimi hulipenda zaidi, hufanya kazi katika pipa lilelile na wakati uleule ambao hamira inakula. Sukari hutolewa kidogo kidogo na kuliwa papo hapo. Hailundikani, kwa hiyo hamira haielemewi na utamu, huendelea kufanya kazi muda mrefu, na pombe ya mchele ya Kijapani, sake, hufika asilimia 18 hadi 20 bila kukenekwa hata tone. Baadaye huongezewa maji ikashuka hadi 15 au 16. Mtu anayeinywa sake kama bia kwa sababu “haijapitia mtambo” amekosea tangu glasi ya kwanza. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huu wa koji kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni wa binadamu, na kwa maoni yangu ilichelewa.

Baijiu huenda hatua moja mbele: hukenekwa, kama gongo na chang’aa zinavyokenekwa, ila kwa namna ya pekee. Malighafi yake kuu ni mtama, nafaka ambayo babu zetu wa Dodoma na Singida wasingeishangaa. Mtama hupikwa kwa mvuke, huchanganywa na unga wa qu na kuchachushwa ukiwa mkavumkavu, mara nyingi ndani ya mashimo ya udongo. Ukishachachuka, punje zenyewe hupakiwa kwenye jiko la mvuke, na mvuke unaopita katikati yake ndio unaobeba alkoholi na harufu. Mashimo ya mji wa Luzhou, mkoani Sichuan, mengine yametumika tangu 1573, na bakteria wanaoishi kwenye matope yake hutengeneza kemikali inayonukia kama nanasi lililoiva kupita kiasi. Mgeni akinusa mara ya kwanza hukunja uso. Maotai, kutoka mji wa jina hilo mkoani Guizhou, ni jamii nyingine kabisa, ina harufu ya mchuzi wa soya na uyoga. Mtama wake hupikwa mara tisa na kukenekwa mara saba ndani ya mwaka mmoja, kisha pombe hutunzwa miaka kadhaa. Ndiyo iliyomiminwa Februari 1972, Zhou Enlai alipomkaribisha Rais Nixon wa Marekani mjini Beijing. Anayeanza ningemshauri aombe fenjiu ya Shanxi: ina harufu nyepesi na haimtishi mtu.

Soju ya Korea ina hadithi ya kusikitisha kidogo. Ufundi wa kukeneka ulifika huko na Wamongolia katika karne ya 13, na kwa karne nyingi soju ilikuwa kinywaji kikali cha mchele. Mwaka 1965 serikali, ikiwa na upungufu wa chakula, ilikataza mchele kutumika kukenekea pombe. Viwanda vikageukia alkoholi iliyosafishwa kutoka viazi vitamu na mihogo, vikaichanganya na maji na kitu cha kutia utamu. Marufuku iliondolewa baadaye, lakini ladha ilikuwa imeshakaa midomoni mwa watu. Chupa ya kijani unayoiona kwenye kila tamthilia ya Kikorea ni mtoto wa sheria hiyo. Nguvu yake imeshushwa hatua kwa hatua, leo ni asilimia 16 hivi. Chupa ya mililita 360 ina gramu 45 za alkoholi, bia mbili na zaidi, na inashuka kama maji ya sukari. Wanaoichanganya na bia wanajua wanachokitafuta.

Sasa tuje kwa walioketi mezani. Utaona baadhi ya wenyeji, baada ya glasi moja tu, nyuso na shingo zimekuwa nyekundu. Si aibu, wala si ulevi. Ini hubadilisha alkoholi kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng’enya cha pili huibadilisha sumu hiyo iwe kitu kisicho na madhara. Inakadiriwa kuwa Wachina, Wajapani na Wakorea wapatao asilimia 36 wana urithi unaokidhoofisha kimeng’enya hicho, hali ambayo kwa Waafrika ni nadra sana. Sumu hubaki mwilini: moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, tumbo linachafuka. Disulfiramu, dawa wanayopewa watu wanaojaribu kuacha pombe, hufanya jambo hilohilo kwa makusudi, huzuia kimeng’enya kilekile. Na kwa wenye urithi huo wanaoendelea kunywa, hatari ya saratani ya umio hupanda sana.

Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wakigundua kwamba wanaweza kunywa kuliko mwenyeji, huanza mashindano. Mwenyeji, kwa heshima, hatakataa. Anapokuwa mwekundu unapaswa kupunguza wewe, mgeni, kwa sababu yeye mdomo umefungwa na adabu.

Adabu zenyewe watu huzichukulia kama mitego ya kulewesha. Mimi naziona zina breki nyingi kuliko baa zetu, ila breki hizo hazina kibandiko, na hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Japani hujimiminii mwenyewe. Unammiminia jirani, naye anakumiminia. Glasi yako ikipungua hata nusu itajazwa, hivyo asiyetaka zaidi huiacha imejaa. Korea ni kinyume: si desturi kuongeza kwenye glasi ambayo haijaisha, kwa hiyo glasi iliyobaki nusu ni ngome. Huko humimina na kupokea kwa mikono miwili, na ukinywa mbele ya mzee unageuza uso pembeni, jambo ambalo Mswahili aliyelelewa vizuri halitamchukua dakika kulizoea. China, ukigonganisha kikombe na mkubwa, chako kiwe chini kidogo ya chake. Ukichoka na “ganbei” kuna neno “suiyi”, kila mtu anywe kiasi chake, nalo likitamkwa kwa tabasamu hupokelewa. Na kote huko, chakula hakitoki mezani. Ukinywa bila kula, kama tunavyofanya sisi tukisubiri nyama choma saa mbili nzima, wao hukuona kama mtu asiyejipenda. Nyumba nyingi za pombe za Japani hukuletea kisahani usichokiagiza na kukutoza yeni mia kadhaa. Usigombane na mhudumu, ndiyo kodi ya kiti.

Asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari, ana nafasi kubwa China kuliko anavyodhani. Desturi ya kuinua chai badala ya pombe ni ya kale na inaheshimika. Sharti lake ni moja: useme mwanzo kabisa, kabla ya kikombe cha kwanza, kisha usimame na chai yako kila wanaposimama. Anayekunywa viwili halafu akakataa cha tatu ndiye anayeonekana amemkataa mtu. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani yetu wamekula karamu za Yiwu miaka mingi kwa njia hii, na wengi hupelekwa moja kwa moja kwenye mikahawa ya Waislamu wa China, ambako suala halizuki. Hata kwa maofisa wa China mambo yamebadilika tangu serikali ilipoanza, mwishoni mwa 2012, kubana karamu zinazolipiwa na umma.

Barabarani hakuna mjadala. China dereva mlevi hushtakiwa kwa jinai tangu 2011, na “naendesha” ni udhuru ambao hakuna mwenyeji anayeubishia. Japani sheria humfikia hata aliyempa dereva pombe na abiria aliyepanda akijua. Vietnam, tangu Januari 2020, dereva wa gari au pikipiki haruhusiwi kuwa na alkoholi hata kidogo, ingawa bia hoi ya Hanoi, ile ya mtaani inayotengenezwa na kunywewa siku hiyohiyo, ni nyepesi kiasi cha kumdanganya mtu.

Hatari kubwa zaidi kwa msafiri haiko kwenye meza za aina hii. Iko kwenye vinywaji vya bure na ndoo za mchanganyiko katika miji ya watalii ya Kusini-mashariki mwa Asia. Novemba 2024, katika mji wa Vang Vieng, Laos, watalii sita wa kigeni walikufa kwa kinachoshukiwa kuwa methanoli. Wakenya na Watanzania hawahitaji kuelezwa neno hilo. Lakini wengi huamini methanoli hutokana na mpishi asiyejua kazi, na kwa pombe ya nafaka hilo si kweli: mchele na mtama hutoa methanoli kidogo mno kuua. Inayoua kwa kawaida imemiminwa na mtu, alkoholi ya viwandani iliyo rahisi kuliko ya kunywa. Kwa hiyo kigezo ni chupa iliyofunguliwa mbele yako. Ladha haitakusaidia, kwa kuwa methanoli hainuki wala hailevyi tofauti.

Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, kwa sababu ini hulazimika kwanza kuibadilisha methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa jicho. Mtu huamka akidhani ni uchovu wa pombe, anatafuta supu, kisha macho yanaanza kuona weupe kama ukungu. Hapo si pa kulala wala pa kuzimua. Hospitali humpa fomepizoli na kusafisha damu kwa mashine. Fomepizoli isipokuwepo, madaktari hutumia ethanoli, alkoholi ya kawaida, kwa kipimo na kwa uangalizi, maana kimeng’enya cha ini huichangamkia ethanoli kwanza na methanoli hupita ikitoka polepole bila kugeuzwa sumu. Mwambie daktari ulikunywa wapi na saa ngapi, na wataje wote mliokunywa pamoja, hata wale wanaosema wako salama.