Bata na Kuku Katika Ua Mmoja

Wanachama kadhaa wametuuliza kama yafaa kufuga bata na kuku katika ua mmoja. Twajibu kwamba yafaa, ila wasilale banda moja wala wasinywe chombo kimoja.

Nduguye mwanachama wetu mmoja anakaa Mwimbi, Wilaya ya Kalambo, katika nyanda za juu za Ufipa. Alikuwa na kuku zaidi ya ishirini. Akanunua bata watano mnadani, akawatia bandani usiku uleule. Haukupita mwezi kuku wakaanza kuzubaa, wakaharisha kijani, wengine wakapinda shingo, na karibu wote wakafa. Bata hawakuugua hata mmoja. Majirani wakasema bata wale wana nuksi. Na mkewe, ambaye kuku walikuwa ndio akiba yake ya sare na madaftari ya watoto, akataka wachinjwe siku ileile.

Nuksi haipo. Dalili hizo ni za mdondo, ambao wengine huuita kideri. Bata aweza kubeba virusi vya mdondo na kuvitoa katika kinyesi, na mwenyewe asiugue. Lakini kuku mgeni naye huuleta, na tenga alilobebewa, na hata viatu vya mchuuzi. Basi ndege yeyote mgeni akae mbali na wenyeji kwa muda wa wiki mbili, ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji kwisha kula.

Kinga yenyewe ni chanjo. Ile iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu. Haitibu kuku aliyekwisha kuugua. Kichupa kimoja chatosha kuku wengi mno, kwa hiyo yafaa majirani wachange na kumwita bwana mifugo siku moja.

Taabu ya pili ni maji. Bata hutumbukiza kichwa kizima na kurusha maji huku na huku. Ufipa usiku wa Juni na Julai ni baridi kali. Huku kwetu tuna masika. Pote pawili banda la kuku likilowa, vifaranga huharisha damu. Beseni la bata liwekwe mbali, karibu na migomba, nayo itafaidi. Kuku wapewe vitagio vya kulalia juu. Bata hulala chini, wawekewe maranda makavu.

Jambo jingine huonewa haya kusemwa, nasi twalisema. Dume la bata asiye na majike ya kutosha huwapanda kuku, akawaumiza hata wakafa. Mpe majike manne au matano, au muuze.

Wanaotaka kumwatamisha kuku mayai ya bata wakumbuke kwamba bata wetu hawa wenye nyama nyekundu usoni huanguliwa kwa siku 35 hivi, na kuku kwa 21. Kuku wengi huchoka wakaacha kiota. Mwenye subira atawaangua, kisha watoto wataingia dimbwini, na mama abaki ukingoni akipiga kelele.

Msimu wa karafuu bata hatusumbui sana, kwani hapekui. Kuku ndiye mharibifu wa majamvi, na karafuu yenye kinyesi haipati daraja la kwanza. Wafungieni mpaka karafuu zianuliwe.